Kipimo cha Baruti

Hotuba iliyotolewa Idodi katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa sasa



Barua ya kamati ilinitaka nizungumze juu ya jambo ambalo mtu aweza kujifunza baada ya saa za kazi, kwa kujifurahisha, na bado likamfaa. Nadhani kamati ilitegemea ufugaji wa nyuki. Mwenzangu wa mwaka jana alizungumzia kupiga picha, na alizungumza vizuri. Mimi ni mtumishi wa Serikali katika kazi ya wanyamapori, na jambo nililojifunza nikalipenda ni kujaza upya maganda ya risasi. Yaani kulichukua ganda lililokwisha kupigwa, kulisafisha, kulitia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, likawa risasi tena.

Naona Mwalimu Mkuu ananitazama kwa wasiwasi. Basi nitangulize jambo la sheria. Hapa kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kujitengenezea risasi nyumbani kwake kwa sababu tu anapenda. Risasi ni kazi ya kiwanda, kama kile cha Shirika la Mzinga kule Morogoro, na hata kumiliki silaha moja, likiwemo gobore, kunahitaji leseni. Mimi nilijifunza ugenini, katika nchi ambayo sheria yake inaruhusu, na tangu nirudi sijajaza hata ganda moja. Kwa hiyo kijana aliyekuja na matumaini ya kufungua karakana akae tu anywe chai, hatapata alichokifuata.

Lakini lipo jambo nililolifuata mimi, nalo lilianzia hapa, katika mashamba ya mpunga.

Wenye umri wangu mnakumbuka jinsi tulivyolinda mpunga. Mchana ndege, usiku nguruwe pori, na mwaka mbaya tembo wanaotoka huko Ruaha. Mjomba wangu alikuwa na gobore lenye leseni, alilorithi kwa baba yake. Wengi wenu mnamfahamu, maana ndiye yule mzee mwenye jicho moja na mkono wa kushoto wenye vidole viwili, na leo hayupo hapa kwa sababu ya miguu tu, salamu amezituma.

Kazi yangu, nikiwa na miaka kama kumi, ilikuwa kumshikia taa na kumpimia baruti. Kipimo kilikuwa kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi. Vifuniko viwili kwa nyani, vitatu kwa nguruwe. Mimi namimina, yeye anashindilia kitambaa, anatia goroli, anashindilia tena, kisha anaweka fataki mwenyewe, maana fataki hakuniruhusu kuigusa. Kwa utaratibu ule alikuwa mtu mwangalifu, na nataka hilo likumbukwe. Aliyeumia hakuwa mzembe.

Msimu mmoja baruti nyeusi iliadimika. Mtu mmoja akamletea risasi kadhaa za bunduki ya kisasa. Zilitoka wapi sikuambiwa, na mtoto hakuwa na ruhusa ya kuuliza. Mjomba akazifungua, akatoa baruti iliyokuwa ndani. Haikuwa nyeusi kama makaa tuliyoyazoea. Ilikuwa ya kijivu, inang'aa, punje zake kama majani ya chai yaliyosagwa. Mjomba, kwa uangalifu wake, akaijaribu kwanza. Akaweka kidogo juu ya jiwe, akawasha. Nilikuwepo. Baruti nyeusi ukiiwasha hivyo inaruka mara moja, puu, na moshi. Ile ya kijivu iliungua polepole kwa mwali wa manjano, kama karatasi.

Mjomba akasema, "Hii imechoka. Haina nguvu." Na usiku ule, nguruwe walipoingia, akaniambia, "Ongeza kifuniko kimoja."

Nikaongeza. Vikawa vinne.

Mtutu ulipasuka karibu na kitako. Sitaeleza zaidi, kwa kuwa wapo wadogo hapa. Alibebwa kwa tela la trekta mpaka kwenye matibabu, akapona, lakini mnajua alivyopona.

Ndugu Mwenyekiti, ajali inapotokea watu hutafuta sababu, na wasipoipata kwenye kitu huitafuta kwa mtu. Gobore lile lilikuwa limepiga miaka arobaini bila kosa. Baruti ilikuwa dhaifu, kila mtu alisikia hivyo kwa mjomba mwenyewe. Basi nini kilichopasua chuma? Palikuwa na bibi mmoja jirani, mjane, ambaye mbuzi wake waliingia shambani kwetu wiki mbili kabla, na maneno yakawa mengi. Mnajua mwisho wake. Hakupigwa, lakini hakusalimiwa tena kisimani, na kabla ya mvua za mwaka uliofuata akahamia Usangu kwa mwanawe. Mimi nilijua kwamba baruti ilikuwa nyingine na kwamba kipimo kiliongezwa kwa mkono wangu. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Nilikua, nikasoma hapa, nikaenda Chuo Kikuu, nikaajiriwa. Miaka kadhaa baadaye nikapata nafasi ya masomo ya juu ya wanyamapori huko Fort Collins, katika jimbo la Colorado, Marekani. Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mzee fundi bomba mstaafu, mjane, mpole, na chini ya nyumba yake palikuwa na chumba chenye meza ndefu na mashine ya mkono iliyofungwa kwa bolti. Nikadhani ni ya kufungia makopo ya matunda. Kumbe ndiyo mashine ya kujazia maganda.

Kwa wenzetu hao shughuli hii ni ya kawaida kama bao kwetu. Kampuni ya Lyman ilianzishwa tangu mwaka 1878. Baada ya Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilibakiwa na baruti nyingi sana, na mtu aitwaye Bruce Hodgdon akainunua na kuwauzia raia kwa mikebe. Mwaka 1943 Fred Huntington, kule Oroville, California, alianzisha kampuni ya RCBS kwa kutengeneza kalibu za vichwa vya risasi vya kupigia panya-buku wa mlimani, kwa sababu vya dukani havikumridhisha. Wengine hufanya ili kupunguza gharama, wengine ili kupata shabaha nzuri zaidi. Mzee wangu alifanya, nadhani, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya.

Nilimwomba anifundishe. Jibu lake la kwanza lilikuwa swali: ninayo leseni ya uwindaji? Sheria ya kwao inamkataza mgeni mwenye viza ya muda kushika silaha au hata risasi, isipokuwa kwa sababu maalumu, mojawapo ikiwa ni leseni hiyo. Nikaenda kusoma kozi ya usalama, nikakata leseni, nikarudi nayo. Akaisoma pande zote mbili. Halafu akanipa kitabu cha vipimo na kuniambia nisirudi chini mpaka nimekimaliza. Nilipokimaliza akanipa ufagio. Mwezi mzima kazi yangu ilikuwa kufagia na kukagua maganda chini ya taa: lenye ufa, lililotoboka, lenye mstari unaong'aa karibu na kitako, dalili kwamba limechoka na litakatika. Yote hayo kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Nilitupa maganda mengi kuliko niliyoyaacha, naye hakulalamika hata mara moja.

Sheria za chumba kile zilikuwa chache. Hapana redio, hapana simu, hapana pombe, hapana mazungumzo wakati baruti iko wazi. Miwani ya kinga machoni. Mkebe mmoja tu wa baruti mezani, mingine yote kabatini, maana aina mbili zinafanana kama mapacha na kuchanganya ni kosa lisilorekebishika. Baruti isiyojulikana jina haitumiki, inaharibiwa. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mkate, kwa sababu madini ya risasi ni sumu inayoingia polepole.

Kipimo chao ni greni. Greni 7,000 hufanya ratili moja, na greni 15 na kidogo hufanya gramu moja. Mzee alianza daima chini ya kiwango cha juu cha kitabu, akapanda kwa sehemu ndogo ya greni, akikagua ganda na fataki kila baada ya kupiga. Fikirini jinsi greni moja ilivyo ndogo, halafu mfikirie kifuniko cha dawa ya kikohozi.

Siku ya somo la baruti alinitoa uani. Akaweka vichungu viwili vidogo juu ya tofali, mbali kimoja na kingine. Akawasha cha kwanza, cheusi: puu, na moshi. Akawasha cha pili, cha kijivu: kikaungua taratibu, kwa mwali wa manjano, kama karatasi.

Nilikaa chini kwenye majani.

Mzee alidhani naumwa. Akaendelea kunieleza, na maneno yake naweza kuyarudia hata usingizini. Baruti nyeusi, akasema, inaungua karibu kwa kasi ileile popote ilipo, ndiyo maana wazee waliweza kuipima kwa pembe au kwa kifuniko na wakaishi. Baruti isiyo na moshi siyo hivyo. Ikiwa wazi ni mvivu. Ukiifungia ndani ya chuma, gesi yake yenyewe inaibana, mbano unaongeza kasi ya kuungua, na kasi inaongeza mbano. Bunduki ya kisasa ya .30-06 imetengenezwa kustahimili mbano unaofikia ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Gobore halikutengenezwa kwa hata nusu ya hiyo. Kifuniko cha baruti hii si kifuniko cha baruti ile. "Wanaokufa," akasema, "ni wale walioijaribu kwanza juu ya jiwe wakaiona dhaifu."

Sikuwa nimemwambia habari za mjomba. Nilimwambia jioni ile.

Sasa wengine mtasema, kama ni hatari namna hiyo ulijifunza ya nini tena? Nilitaka kujua niliwezaje kukosea, hilo moja. Na la pili ni la kazi. Sisi wa wanyamapori tunampa askari bunduki na kumwambia asimame mbele ya nyati au tembo ndani ya mpunga wa watu. Katika Nyanda hizi za Juu Kusini watu hawajasahau simba wala watu wa Njombe, ambao Bwana George Rushby na askari wake waliwaangamiza katika miaka ya 1940. Maisha ya askari yamo ndani ya kitu kirefu kama kidole, kilichojazwa na mtu asiyemjua. Risasi ya .458 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1956 na kusambaa sana katika idara za wanyamapori za Afrika, ilikuwa na ganda fupi na baruti ikashindiliwa ndani mno. Ikikaa, baruti ile iliweza kugandamana, na risasi ikatoka bila nguvu iliyoandikwa kwenye kasha. Mwaka 1959 Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji akiwa na bunduki ya aina hiyo, na alipopona akaanza kazi iliyozaa ganda refu zaidi, .458 Lott, mwaka 1971. Viwanda vimerekebisha kosa hilo zamani. Hata hivyo mimi nikipokea risasi za askari wangu natazama tarehe ya kasha, nauliza lilihifadhiwa wapi, na kama lilikaa juu ya dashibodi ya gari juani nalikataa. Wenzangu ofisini wananiita Bwana Kasha. Sawa.

Turudi chini ya nyumba ya mzee. Miezi minne baadaye aliniruhusu kujaza maganda 50 peke yangu, yeye akikaa nyuma yangu na gazeti. Fataki zimeingia, maganda yamesimama kwenye ubao wenye matundu, nami natia baruti iliyopimwa, moja baada ya jingine. Nilipofika katikati kengele ya mlango ikalia. Mzee akaenda kufungua, nami nikageuza shingo. Kugeuza shingo tu. Nikaendelea mpaka mwisho.

Aliporudi alichukua tochi, akaimulika ubao mzima kabla sijaweka kichwa hata kimoja, kama alivyonifundisha na kama nilivyokuwa karibu kuacha kufanya kwa sababu nilikuwa na hakika. Katika safu ya tatu ganda moja lilijaa karibu mdomoni. Mengine yote yalikuwa na kina kimoja. Nilikuwa nimelitia mara mbili.

Hakunifokea. Alimwaga baruti ya maganda yote 50 kurudisha mkebeni, akapanga ubao upya, akasema tutaanza kesho. Nilitaka kuanza palepale nionyeshe kuwa naweza. Akasema, "Mtu anayetaka kuonyesha si wa kukaa mezani hapa." Ilinikera, sitaficha. Kesho yake nilianza na ganda la kwanza, na tangu siku hiyo ganda tupu nililipanga kichwa chini, likigeuzwa tu wakati wa kutiwa baruti, ili mkono usiweze kulikosea hata jicho likienda mlangoni. Lipo na kosa la upande wa pili, ganda kuachwa bila baruti kabisa. Fataki pekee inaweza kusukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata ikakikuta hapo. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, acha, toa risasi, tazama mtutu. Askari wangu wote nawafundisha hilo siku ya kwanza.

Nilirudi nyumbani nikiwa na shahada na barua moja ya mzee, kwa vile mashine haikuwa halali kuja nayo. Njia ya kuja huku mnaifahamu: unatoka Iringa, unapita Kalenga ya Mkwawa, unapita njia ya Mlambalasi alikojipiga risasi mwaka 1898. Kule Lugalo, mwaka 1891, watu wake waliwateka Wajerumani bunduki zipatazo 300. Nilikuwa nafikiri ndani ya basi kwamba bunduki isiyo na risasi yake ni rungu, na yenye risasi isiyo yake ni mbaya kuliko rungu, kwa sababu rungu halimrudii mwenyewe.

Mjomba nilimkuta chini ya mwembe wake. Baada ya salamu na habari za safari, nikamwambia, "Mjomba, nimekuja kwa ajili ya lile gobore." Nikamweleza baruti mbili, jiwe, mbano, yote. Nikamwambia pia kwamba mimi niliiona ile baruti na nilihesabu vifuniko vinne, na nilinyamaza wakati yule bibi anasemwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Kwa hiyo hata viwili vingepasua?" Nikasema vingeweza. Akatazama ule mkono wake. Akasema, "Basi tulimkosea mama wa watu."

Yule bibi alikuwa amekwisha kufariki. Tulikwenda Usangu, mjomba na mimi na mzee mmoja wa ukoo, tukamkuta mwanawe, mtu mzima mwenye wajukuu. Mjomba alisema mwenyewe, hakunitaka nimsemee. Yule mwana alikaa kimya muda mrefu, akatuletea maji ya kunawa na chakula, tukala. Hakusema kwamba ametusamehe, na wala hatukumwuliza. Wakati wa kuondoka alituonyesha kaburi.

Ninyi vijana, nimeambiwa nisimalize bila kuwaambia la kufanya. Mkiokota risasi, porini au nyumbani, hata ikiwa imeota kutu, msiiguse, msiigonge, msiitie motoni. Wekeni alama mahali pale, mwambieni mwalimu, mwenyekiti wa kijiji au polisi. Moto sina haja ya kuwaeleza watu wa Idodi. Tangu mwaka 2009, tulipozika watoto wetu 12 wa bweni, kila nyumba hapa inaujua. Ikiwa nyumbani kuna gobore la babu lisilo na karatasi, mwambieni mzazi kwamba Serikali imekuwa ikitoa muda wa kusalimisha silaha bila kushitakiwa, kama mwaka 2022, na aulize polisi kabla ya kulisogeza. Gobore la mjomba, au kilichobaki, tulilipeleka wenyewe. Afisa aliyelipokea aliutazama mtutu ule uliofunguka kama ua, akauliza ni nani aliyekuwa ameshika taa.

 Maswali nitayapokea nje, baada ya chakula.